Kufundisha Nje ya Darasa Katika Miezi ya Vuli: Mpango wa Ziara kwa Darasa la Tano Kisiwani Pemba

Muhula wa pili wa mwaka, kuanzia Septemba hadi Disemba, ni wakati mgumu na pia wakati wa neema kwa mwalimu wa skuli ya msingi kisiwani Pemba. Ni mgumu kwa sababu mitihani ya mwisho wa mwaka imekaribia, mvua za vuli huanza kunyesha, na karafuu zikizaa vizuri watoto wengi huonekana shambani kuliko darasani. Ni wakati wa neema kwa sababu hakuna msimu mwengine ambao kisiwa chenyewe hufunguka kama kitabu mbele ya macho ya mtoto. Pepo hubadilika, maji ya bahari hupwa mbali mchana, mikarafuu huchumwa, na mbegu humea.

Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu mwanafunzi namna ya kupanga ziara na shughuli za darasa moja kwa muda wa miezi hiyo minne, bila ya kupoteza vipindi na bila ya kuhitaji fedha nyingi. Mfano tuliouchagua ni wa Darasa la Tano. Hata hivyo misingi yake yaweza kutumika katika darasa lolote, Pemba, Unguja au Bara, maadamu mwalimu atabadilisha mahali na vitu kulingana na mazingira yake.

1. ZIARA SI MATEMBEZI

Jambo la kwanza ambalo mwalimu mwanafunzi yampasa kulielewa ni tofauti baina ya ziara na matembezi. Watoto wakitolewa darasani, wakazungushwa, wakaambiwa "tazameni", kisha wakarudishwa, wamekwenda kutembea. Hapana ubaya katika kutembea, lakini hilo si somo. Ziara ya masomo ina sehemu tatu zisizotengana: swali linaloulizwa kabla ya kutoka, kazi inayofanywa huko kunakokwendwa, na matumizi ya kilichopatikana baada ya kurudi. Ikikosekana sehemu ya kwanza, mtoto huangalia kila kitu na asione chochote. Ikikosekana ya pili, mwalimu huhubiri chini ya mti badala ya kuhubiri mbele ya ubao. Na ikikosekana ya tatu, yote yaliyoonekana husahauliwa kabla ya Ijumaa.

Fikra hii si ngeni katika elimu. Tangu mwaka wa 1658 mwalimu Comenius alitoa kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, kwa kuwa aliamini kwamba neno lisilofuatana na kitu chenyewe, au angalau picha yake, halikai akilini. Katika nchi yetu, waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea ulilalamikia elimu inayomtenga mtoto na jamii iliyomlea na kumfanya aamini kuwa maarifa yote yamo vitabuni na kwa wasomi tu. Wazee wetu nao hawakungoja vitabu. Mtoto wa mvuvi alifundishwa bahari akiwa baharini, na mtoto wa mkulima alifundishwa mbegu akiwa na jembe mkononi. Kazi ya skuli ni kuongeza juu ya mafunzo hayo mambo mawili: kupima na kuandika.

2. JAMBO LA KARAFUU NA MAHUDHURIO

Kabla ya kupanga ziara hata moja, mwalimu wa Pemba hana budi kulitazama jambo moja usoni. Karafuu ni mali ya kisiwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba bila ya madhara makubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa zaidi ya karafuu za Zanzibar. Mavuno si sawa kila mwaka. Hupita miaka ya uhaba, kisha ukaja mwaka ambao mikarafuu huinama kwa kuzaa. Katika mwaka kama huo kila mkono hutafutwa, hata mkono wa mtoto.

Mwalimu asiyekuwa na hekima hulijibu jambo hili kwa kuandika alama ya "hayupo" katika daftari la mahudhurio, na mtoto anaporudi humwadhibu. Lakini tufikiri. Mtoto aliyekosa wiki tatu anarudi amekosa kujumlisha sehemu za hesabu, amekosa masomo ya mvua, na mbele yake pana mtihani. Akipokelewa kwa fimbo na kejeli, huenda asirudi tena. Wengi walioiacha skuli hawakuamua siku moja kuiacha. Walikosa kidogo kidogo mpaka wakaona haya kurejea.

Upande wa pili, mwalimu hawezi kuyakubali yote kwa jina la mila na uchumi. Mkarafuu ni mti mrefu na matawi yake huvunjika upesi, na kila msimu watu huanguka. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamlinda mtoto na kazi inayomdhuru mwili wake au kumkosesha elimu. Basi msimamo wa mwalimu uwe wazi: mtoto hapandi mkarafuu kwa ajili ya skuli, wala kwa idhini ya skuli, wala wakati wa skuli.

Ziara zilizopangwa vizuri ni dawa mojawapo ya ugonjwa huu. Mtoto anayejua kuwa Jumanne darasa lake litakwenda pwani kupima maji, na kwamba yeye ndiye aliyepewa kamba ya kupimia, atamwomba mzazi wake amruhusu. Na mzazi anayeiona karafuu yake imeingia katika daftari la hesabu la mwanawe huanza kuiona skuli kuwa ni mwenzake. Haitoshi peke yake, lakini ni mwanzo mwema.

3. MPANGO WA MIEZI MINNE

Tunapendekeza ziara moja kubwa kila mwezi, na shughuli ndogo za kila siku zinazoziunganisha ziara hizo. Ziara tatu kati ya nne ziwe za kwenda kwa miguu. Ni moja tu itakayohitaji gari, nayo ipangwe mapema ili asiachwe nyuma mtoto yeyote kwa kukosa nauli. Rais Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964. Itakuwa ni kinyume cha maana ya siku hiyo iwapo mtoto wa fukara atabaki chini ya mwembe akiwatazama wenzake wakipanda gari. Ikiwa nauli ya wote haikupatikana, ziara ibadilishwe iwe ya kwenda kwa miguu.

(a) Septemba: Kijiji chetu na kipimo cha mvua

Mwezi wa kwanza watoto wajifunze kuona kile wanachokiona kila siku. Wagawe makundi manne, kila kundi lifuate njia moja itokayo skuli: ya kaskazini, ya kusini, ya mashariki na ya magharibi. Wahesabu hatua, waandike visima, misikiti, maduka, miti mikubwa, mabonde ya mpunga na majumba. Wakirudi, makundi yote manne yaunganishe kazi zao katika ramani moja juu ya karatasi kubwa. Hapo ndipo mafunzo yatakapotokea, maana njia za makundi mawili zikikutana kwenye kisima kimoja na hesabu zao zisilingane, wao wenyewe watauliza: "Nani kakosea?" Mwalimu asijibu. Awarudishe wakapime tena.

Mwezi huo huo watengeneze kipimo cha mvua, kwani vuli inakuja. Kopo lenye upana mmoja juu na chini linatosha. Lizikwe kidogo katika ardhi mahali pa wazi ili lisipinduke, na kila asubuhi mtoto wa zamu apime kwa rula kina cha maji kwa milimita, aandike, kisha amwage. Waelezwe kwamba milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni sawa na lita 1 ya maji. Kutokana na hapo hesabu nzuri hupatikana. Ikiwa paa la skuli lina urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, na mvua ya usiku ilikuwa milimita 20, paa limepokea lita ngapi? Jawabu ni lita 1,200, yaani ndoo 60 za lita 20. Mtoto anayetumwa kisimani kila siku haihitaji hesabu hii kufafanuliwa. Ataifahamu shingoni mwake.

(b) Oktoba: Pwani na mikoko

Pemba ina ghuba nyingi na mikoko mingi, na karibu kila skuli ina pwani ya kuiendea. Mahali hapa pana mafunzo mengi na pia hatari, kwa hiyo tumepatengea sehemu yake hapo mbele pamoja na andalio la somo.

(c) Novemba: Karafuu kutoka mtini hadi mizani

Darasa liende kwenye shamba la mzazi aliyekubali, siku ya kuchambua na kuanika, si siku ya kupanda. Watoto watazame jinsi karafuu zinavyotenganishwa na makonyo yake na kutandazwa juu ya majamvi. Waulize wenye shamba: Kwa nini huchumwa kabla ya ua kufunguka? Mvua ikija ghafla hufanywa nini? Waandike majibu kwa maneno yale yale waliyoyasikia.

Kisha waombe gramu 600 za karafuu mbichi zilizokwisha chambuliwa, wazichukue skuli, wazianike, na kila siku saa ile ile wazipime katika mizani ya kuazima dukani. Wachore jedwali na mstari wa kupungua kwa uzito. Jua likiwaka vizuri, karafuu hukauka kwa siku nne hadi sita hivi, na uzito hubaki karibu thuluthi moja, yaani kiasi cha gramu 200. Katika vuli mawingu huchelewesha kazi, na watoto wataona kwa macho yao kwamba mstari wao hausogei siku ya mvua. Wakiitazama pamoja na daftari la kipimo cha mvua la Septemba, wataona kuwa masomo mawili waliyodhani ni mbalimbali ni somo moja. Linganisha pia karafuu iliyokauka upesi na iliyokaa na unyevu hata ikafifia rangi au kuota ukungu. Hapo hesabu ya kilo huwa hesabu ya fedha, kwa kuwa bei hufuata daraja.

Skuli zilizo karibu na Chake Chake zaweza kuomba ruhusa ya kutembelea kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, ambako mvuke hupitishwa katika makonyo ukachukua mafuta, kisha ukapozwa. Skuli zilizo mbali zionyeshe jambo hilo kwa birika la maji yanayochemka na sahani baridi iliyowekwa mbele ya mdomo wake. Mwalimu mwenyewe ndiye ashike birika.

Somo la karafuu lina upande wa historia usiofaa kufichwa. Mashamba ya kwanza ya karafuu Unguja na Pemba yalilimwa kwa nguvu za watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897. Mtoto wa Darasa la Tano anaweza kuambiwa ukweli huu kwa maneno machache yasiyo na matusi kwa watu wa kabila lolote, akafahamu kwamba harufu nzuri ya karafuu ina historia ya jasho la watu wasiolipwa.

(d) Disemba: Magofu ya Pujini

Ziara ya gari iwe ya mwisho, kwa sababu kwa wakati huo darasa limekwisha kufundishika kutembea, kupima na kuandika. Pujini, kusini mashariki ya Chake Chake, pana mabaki ya ngome ya karne ya 15 ambayo mapokeo ya Pemba yanainasibisha na mtawala aitwaye Mkama Ndume. Wako wanaolifasiri jina hilo kuwa ni "mkamua wanaume". Wazee husimulia kwamba aliwabebesha watu mawe kichwani na kuwalazimisha watambae kwa makalio. Husimulia pia kuwa alikuwa na wake wawili wasiopatana, hata kisima chao kikagawiwa kwa ukuta ili wasionane wanapoteka maji.

Hapa pana nafasi adhimu ya kuwafundisha watoto tofauti baina ya masimulizi na ushahidi. Wagawe ukurasa wa daftari sehemu mbili. Upande wa kulia waandike "Tumeambiwa", na wa kushoto "Tumeona". Ukuta tumeuona. Kisima tumekiona. Wake wawili tumeambiwa. Ukatili wa mtawala tumeambiwa. Mwalimu asiwadharau wasimulizi, maana masimulizi yenyewe ni khabari juu ya yale ambayo watu waliyaona kuwa ni dhuluma na wakakataa kuyasahau. Lakini mtoto aliyejifunza kutenga safu hizi mbili hatadanganywa kwa urahisi atakapokuwa mtu mzima akisoma gazeti au akisikiliza mkutano.

Skuli za kaskazini zaweza kuchagua magofu ya Chwaka karibu na Tumbe, au Mtambwe Mkuu karibu na Wete, ambako mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walifukua zaidi ya sarafu 2,000, nyingi zikiwa ndogo za fedha zilizopigwa hapa hapa pwani yetu. Skuli za kati zina Ras Mkumbuu yenye msikiti na makaburi ya minara. Popote pawapo, ruhusa iombwe mapema katika ofisi ya mambo ya kale, na watoto waonywe kwamba jiwe moja likichukuliwa na kila mgeni, baada ya miaka kumi hapatakuwa na ukuta wa kuangalia.

4. ANDALIO LA SOMO: PWANI WAKATI WA BAMVUA

Darasa: la Tano. Muda: asubuhi moja, pamoja na vipindi viwili vya kabla na viwili vya baada. Somo: Sayansi na Jiografia.

Makusudio: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (i) kueleza kwa maneno yake kupwa na kujaa kwa maji, (ii) kutambua angalau aina tatu za miti ya mikokoni kwa mizizi yake, (iii) kuandika taarifa ya kweli ya alichokiona.

Vifaa: kamba yenye fundo kila mita 1, kijiti kirefu kilichowekwa alama kila sentimita 10, daftari, kalamu ya risasi, maji ya kunywa, filimbi moja, viatu kwa kila mtoto.

Maandalizi ya mwalimu: Kazi ya kwanza ni kuchagua siku. Katika siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari huwa na bamvua, maji yakapwa mbali na kujaa sana, na tofauti baina ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 4. Katika pwani zetu maji ya bamvua hufikia mwisho wa kupwa aghalabu baina ya saa nne na saa sita za mchana, nao ni wakati wa skuli. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwalimu asitegemee kumbukumbu. Aulize wavuvi, na aende mwenyewe siku moja kabla, atazame saa.

Hatua ya kwanza (darasani): Swali liulizwe: "Maji yanapopwa, huenda wapi?" Majibu yote yaandikwe ubaoni bila ya kusahihishwa, hata ya kuchekesha. Watoto waelezwe kazi zao na mipaka yao.

Hatua ya pili (pwani, maji yakipwa): Kundi moja likisimamishe kijiti ukingoni mwa maji na kusoma alama kila baada ya dakika 10. Kundi la pili lipime kwa kamba umbali kutoka mstari wa maji makuu hadi ukingo wa maji. Kundi la tatu lichore mizizi: ile ya mkoko inayosimama kama miguu ya buibui, na ile ya mchu inayochomoza kutoka topeni kama kalamu zilizosimikwa. Watafute pia tunda la mkoko lililoota likiwa bado linaning'inia mtini, waulize kwa nini mti huu haungoji mbegu ianguke kwanza.

Hatua ya tatu (kwa mwenyeji): Aalikwe mama mmoja miongoni mwa wale wanaotafuta pweza na chaza, au mzee mvuvi, awaeleze watoto namna anavyoijua siku nzuri ya kwenda pwani. Watoto waanze kwa shikamoo, wamsikilize hadi mwisho, kisha waulize. Mwalimu naye akae chini pamoja na wanafunzi wake na asikilize. Watoto watajifunza kwa kumwona mwalimu wao akijifunza.

Hatua ya nne (darasani): Wachore mstari wa kushuka na kupanda kwa maji. Warudie majibu ya ubaoni na wayasahihishe wenyewe. Kila mmoja aandike taarifa ya sentensi kumi.

Tathmini: Mwalimu asome taarifa hizo akitafuta jambo moja kubwa: je, mtoto ameandika alichokiona, au ameandika anachodhani mwalimu anataka kusikia?

5. USALAMA: SHERIA AMBAZO HAZINA HIARI

Mambo mengine katika makala haya ni mapendekezo. Haya ni masharti.

Watoto wahesabiwe wanapotoka, wanapofika, wanapoanza kurudi na wanaporudi. Kila watoto kumi wawe na mtu mzima mmoja. Wazazi, mwalimu mkuu na sheha wawe na khabari, na ruhusa ya mzazi ipatikane kabla ya siku yenyewe. Akina mama waombwe kufuatana na darasa, hasa kwa ajili ya wasichana, ili pasiwe na binti anayezuiliwa nyumbani kwa kukosa mtu wa kumwangalia.

Baharini, darasa lishuke maji yanapopwa, na litoke maji yanaposimama, kabla hayajaanza kujaa. Maji yanapojaa hayapandi kwa kasi moja. Katikati ya kujaa huenda kasi zaidi kuliko mwanzoni, na juu ya mwamba ulio tambarare huweza kumzunguka mtu nyuma asijue. Filimbi ikipulizwa, kazi huachwa pale pale ilipofikia. Miguu isiwe mitupu, maana baina ya mawe mna wanyama wenye miiba na wenye sumu.

Vyombo vya bahari visitumiwe kwa darasa zima. Kisiwa cha Misali ni kizuri na ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1998, lakini safari yake ni ya wanafunzi wakubwa, wachache, wenye majaketi ya kuokolea na nahodha anayejulikana. Pemba haihitaji kukumbushwa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kuja Pemba na abiria wengi kupita kiasi, ilizama, na mamia ya watu walipotea. Wapo katika skuli zetu waliokua bila ya mzazi kwa sababu ya usiku ule. Mwalimu anapokataa kuwapakia watoto hamsini katika mashua moja asione haya kuitwa mwoga.

6. SHUGHULI ZA KUUNGANISHA

Baina ya ziara na ziara, darasa liwe na kazi ndogo zinazoendelea. Tatu zimeonekana kufaa.

Ya kwanza ni kamusi ya darasa. Kila ziara huleta maneno: ya miti, ya samaki, ya pepo, ya kazi za shambani. Watoto waandike neno kama linavyosemwa na wazee wao kwa Kipemba, na pembeni yake Kiswahili sanifu. Mwalimu aeleze kwamba Kiswahili sanifu kilichaguliwa katika miaka ya 1928 hadi 1930 kwa kufuata lahaja ya Unguja ili vitabu vya Afrika Mashariki vifanane. Hakikuchaguliwa kwa kuwa lahaja nyingine ni mbovu. Mtoto anayechekwa kwa lugha ya mama yake hufunga mdomo, na mwanafunzi aliyefunga mdomo hafundishiki.

Ya pili ni daftari la viumbe. Pemba ina viumbe wasiopatikana popote pengine duniani. Mkubwa wao ni popo wa Pemba, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu. Alindwe na asifanyiwe mzaha. Mwaka 1996 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kutoweka kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa kwa misitu. Wanavijiji, kama wale wa Kidike, waliunda vikundi vya kumhifadhi, na idadi yake ikaongezeka hata mwaka 2008 akashushwa daraja ya hatari. Popo huyu husambaza mbegu za miti ya matunda. Mtoto akifahamu hilo, atafahamu pia msitu wa Ngezi umesalia kwa nini na utaendelea kusalia kwa masharti gani.

Ya tatu ni daftari la waliokosa. Kila kundi liwe na mwenzao wa kumwandikia mtoto asiyekuwepo: tulikwenda wapi, tulipima nini, tulipata nini. Anaporudi kutoka shambani hukuta kurasa zake zinamngoja. Kazi hii huwasaidia wawili kwa pamoja, kwa kuwa anayemwandikia mwenzake hujifunza mara ya pili.

Mwisho wa muhula, ramani, majedwali, kamusi na michoro ibandikwe ukutani, na wazazi waalikwe asubuhi moja. Watoto ndio waeleze, si mwalimu. Mzazi asiyejua kusoma asimame mbele ya mstari wa karafuu zilizokuwa zikikauka, na mwanawe amweleze. Huenda akamsahihisha mwanawe. Hapo elimu imekwenda pande zote mbili.

7. JE, MTIHANI?

Walimu wengi husema: "Haya ni mazuri, lakini mtihani utayauliza?" Swali hili ni la haki na lijibiwe kwa haki. Mtihani hauulizi kopo la mvua. Huuliza eneo, ujazo, wastani na vipimo, mambo ambayo kopo limeyafundisha. Hauulizi mama wa pweza. Huuliza insha na ufahamu, navyo vimefunzwa na taarifa ya sentensi kumi. Ziara nne na vipindi vyake havizidi siku sita za muhula mzima. Mwalimu anayeona siku sita ni nyingi na ahesabu ni siku ngapi watoto wake walikuwepo darasani kwa miili tu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Chagua mahali pamoja panapoweza kufikiwa kwa miguu kutoka skuli unayofanyia mazoezi. Andika swali moja la kuuliza kabla ya ziara, kazi mbili za kufanywa huko, na tumizi moja baada ya kurudi.

2. Mtoto amerudi baada ya wiki tatu za msimu wa karafuu. Eleza utakayoyafanya katika siku yake ya kwanza, saa kwa saa.

3. Baba mmoja anasema: "Mwanangu nimemleta asome, si kucheza pwani." Andika mazungumzo utakayofanya naye kwa adabu, ukimwonyesha daftari la mtoto wake.

4. Tengeneza jedwali la siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu katika muhula ujao, ukataje siku zifaazo kwa ziara ya pwani na sababu zake.